Huyo Perry huenda ni Poirier

Dada wa kwenye habari anasema amekwama kutafuta ukoo wake wa Perry kisiwani Prince Edward Island, huko Kanada, mi namwomba asikate tamaa, atafute jina la Kifaransa, Poirier. Waakadia, yaani walowezi wenye asili ya Kifaransa wa mashariki mwa Kanada, walipoanza kufukuzwa na Waingereza 1755 walitawanywa huku na kule, na waliokuja kuishi katikati ya watu wa Kiingereza ndo majina yakageuka. Hata yule mwanasiasa wa kisiwani, Stanislaus Perry, alizaliwa 1823 akiitwa Stanislas-François Poirier!

Hapo Poirier kuwa Perry ni sauti tu, ila LeBlanc kuwa White ni tafsiri kabisa, yote ni "mweupe", na Aucoin ndo usiseme, ile "coin" kwa Kifaransa ni kona lakini pia kabari, basi wengine wakawa Wedge, yaani kabari kwa Kiingereza. Ukitafuta kwa sauti humpati ng'o.

Mume wangu kwao ni huko Kanada, kaburi la bibi mzaa babu yake limeandikwa White, tukafungua rejista ya ubatizo parokiani tukamkuta LeBlanc, wino umefifia lakini unasomeka, mama mkwe alilia. Dada, angalia upande wa mama pia na wasimamizi wa ubatizo, maana mapadri waliwaandika wanawake kwa jina la kwao hata wakishaolewa.

Na rejista za Grand-Pré, kijiji cha Waakadia, wakimbizi walizibeba wenyewe mpaka Louisiana, huko Marekani. Mtu anafukuzwa kwake, nyumba zinachomwa, yeye anaondoka na vitabu vya ubatizo, hilo linanigusa mno.