Jamani nataka fensi iliyonyooka tu

Hivi huyu aliyebuni fensi, yani kile chuma kirefu cha kuongozea ubao juu ya meza, hizi zinazokuja na misumeno ya meza ya bei poa, yeye mwenyewe alishawahi kupasua ubao hata mmoja? Nauliza kwa nia njema kabisa. Maana fensi ina kazi moja tu hapa duniani, ikae sambamba na bledi, itulie, basi, hakuna aliyeiomba iimbe. Sasa hii yangu ukiivuta kichwa kinatangulia, huku nyuma inatingishika kama mkia wa mbuzi, unapima mbele ya bledi sentimita 10, unapima nyuma ya bledi sentimita 10 na mili 2, unaigonga kidogo na kiganja, nyuma inakaa sawa, unakandamiza handeli ya kufungia, kriii, mbele imehama. Fungua. Anza upya. Kupasua ubao wenyewe hata dakika haifiki, lakini kupanga fensi unaweza kumaliza betri ya redio.

Na ingekuwa usumbufu tu ningenyamaza. Fensi ikiinamia bledi kwa nyuma, yani nafasi ya nyuma ikawa ndogo kuliko ya mbele, ubao unabanwa pale kati, unaanza kusikia harufu, unaona moshi, ubavu wa ubao unatoka mweusi, na hapo bado unashukuru, maana siku ikiwa mbaya yale meno ya nyuma yanayopanda juu yanaunyanyua ubao na kukurudishia wewe uliyesimama mbele, kwa spidi ya mashine, na tumbo halina breki. Kile kisu cha nyuma ya bledi, kinachozuia ubao uliopasuliwa usijibane kwenye bledi, kinasaidia sana, usije ukakitoa, ila hakikuajiriwa kuficha aibu za fensi.

Nikamwambia mama watoto nataka kununua fensi.
"Kwani hiyo mashine haikuja nayo?"
"Ilikuja nayo."
"Sa si uitumie?"
"Ndo ninayoitumia."
Akaniangalia, akaendelea na simu yake. Kuna mambo huwezi kumweleza mtu ambaye hajawahi kupasua vipande vinne vya kabati vikatoka na upana wa aina nne.

Mi nilijua kununua fensi ni kuingia, kulipa, kutoka. Kumbe fensi nazo zina koo na mila zake. Kuna ile ya umbo la T, watu wanaiita Biesemeyer, kwa jina la Mmarekani Bill Biesemeyer, na imeigwa na makampuni mengi mpaka jina limekuwa la ukoo mzima. Hiyo inabana bomba la mraba la mbele peke yake, ina kichwa kipana, nyuma haishiki kitu. Mara ya kwanza kuelezwa nilikataa, nikasema itashikaje sawa na nyuma iko huru? Kumbe siri ndo hapo. Inayobana mbele na nyuma kwa mpigo, ncha mbili zinagombana ipi itangulie, ila hii yenye kichwa kipana ikishakaa kwenye bomba lililonyooka haina pa kupinda, na pale kichwani kuna skrubu mbili za kurekebisha usambamba, unazirekebisha, unasahau. Chuma kizito, hakina urembo, hakina mbwembwe. Mi hiyo ikanigusa moyo.

Lakini sasa washauri! Ukitaka kujua una ndugu wangapi, sema unanunua fensi. Mmoja, "Kaka chukua ya alumini, nyepesi, ina mifereji ya kufungia vikorokoro." Sawa, ila alumini iwe nene, maana kuna zingine ukizisukuma na ubao katikati unaona kabisa inapumua, na vikorokoro vyenyewe tutafunga lini wakati kazi hazijaisha. Mwingine, "Fundi, chukua fensi ya kampuni ya Incra, ina meno ndani, ukiachia inakaa palepale." Ni kweli ina meno, inaruka kwa hatua za 1/32 ya inchi, na kati ya hatua na hatua kuna skrubu ya kupiga chenga ndogondogo, ni kitu kizuri sijakataa, ila ule mkono wake unataka nafasi upande wa kulia, na upande wangu wa kulia kuna ukuta. Alafu kuna kitu hawasemi. Unaweza kupasua ubao kwa usahihi wa unywele, hewa ikibadilika kidogo ubao wa sentimita 20 unavimba au unasinyaa mpaka mili nzima na zaidi. Mbao haisomi kipimo chako.

Wa tatu, na huyu ndo aliniudhi kuliko wote kwa sababu ana hoja, "Si uchukue kipande cha mbao iliyonyooka, klampu mbili, umemaliza?" Inafanya kazi mzee wangu, nakubali, ila kila ukihamisha unapima upya mbele na nyuma, yani umerudi kwenye ugonjwa uleule, safari hii bila handeli.

Tuje kwenye urefu wa reli, yani lile bomba la mbele ambalo fensi inatembea juu yake. Zinauzwa za kupasua upana wa inchi 30, zinauzwa za inchi 50, 52, na muuzaji anakuangalia ukisema 30 utadhani umemtukana. We kaa upige hesabu. Shiti ya plaiwudi ni sentimita 122 kwa 244. Inchi 30 ni sentimita 76, nusu ya shiti kwa upana ni 61, umeshapita. Inchi 52 ni 132, hiyo inakupa uwezo wa kukata shiti nzima katikati ya urefu wake kwenye 122, raha kweli, ila mashine nzima inakuwa na upana wa mita mbili na ushee na inataka meza ya ziada pembeni yenye miguu yake, kwaiyo itabidi mimi nihamie nje mashine ibaki ndani. Shiti nzima naikata chini na msumeno wa mkono wa umeme na ubao wa kuongozea, hata mgongo unashukuru. Reli fupi.

Sa sikia hii, "Inatoshea misumeno mingi." Wameiandika kwenye kila boksi. Mingi ipi? Ukifuatilia, matundu ya reli hayalingani na matundu ya meza yako, kwaiyo unatoboa. Ama unatoboa reli, ama unatoboa meza, na meza ya chuma cha kusubu sio ngumu kutoboa kama watu wanavyotisha, unatoboa kavukavu bila mafuta inatoka unga mweusi unaojaa puani, kitisho ni kuchagua pa kutoboa. Ukiipandisha reli juu sana, ile geji ya pembe, ya kusukumia ubao unapokata kwa pembe, haipiti tena kwenye mfereji wake juu ya meza, chuma chake kinagonga reli. Kuna na mbavu chini ya meza zinazokaa palepale unapotaka kuweka nati. Hayo kwenye boksi hayapo, kwenye boksi kuna picha ya mtu anacheka.

Kuna na ile tepu ya vipimo inayobandikwa juu ya bomba, watu wanaisoma utadhani imeshuka kutoka mbinguni. Angalia kwanza bledi yako inaegemea upande gani. Kama fensi iko kulia na nati inaibana bledi kutokea kulia, bledi ikiegemea kushoto, siku unatoa bledi nene ya mili 3.2 unaweka nyembamba ya 2.4, tepu imeshaanza kukudanganya kwa mili 0.8, na wala haioni haya.

Na hata ununue fensi ya dhahabu, kama bledi yenyewe haiko sambamba na mfereji wa meza umefukuza mwizi kwa kubadilisha pazia. Bledi kwanza inanyooshwa na mfereji, ndo fensi nayo inanyooshwa na mfereji huohuo. Hapo sasa mafundi wanagawanyika kambi mbili, wanaotaka sambamba kabisa na wanaotaka nyuma iachie unene wa karatasi ili ubao usibanwe, na wakianza hawamalizi. Mi naachia karatasi. Tumbo ni langu.

Kwaiyo ni ya T, ya chuma, reli fupi, na kabla ya kulipa naenda na tepu napima unene wa ukingo wa meza na umbali wa matundu, muuzaji anune anavyotaka. Rangi yoyote. Kama imekuja na stika ya "usahihi wa kimaabara" naibandua hapohapo dukani.