Yanga ya Pedro: kasi ya "gusa achia" au subira ya kumiliki mpira?

Kocha Pedro Gonçalves alipokabidhiwa Yanga mwishoni mwa Oktoba 2025, alikuwa jina la tano kwenye kiti kile cha ukocha katika muda usiofika mwaka mzima. Miguel Gamondi aliondoka Novemba 2024, akaja Sead Ramović, akafuata Miloud Hamdi, kisha Romain Folz. Kila mmoja aliingia na mpira wake, huku wachezaji wengi wakiwa walewale.

Folz hakuondoka kwa sababu ya msururu wa vipigo. Alibeba Ngao ya Jamii kwa kumfunga Simba 1-0, akawatoa Wiliete ya Angola kwa 3-0 na 2-0. Kipigo cha kwanza, 1-0 mbele ya Silver Strikers kule Lilongwe, ndicho kilichofunga ukurasa. Ukweli ni kwamba Wananchi, yaani mashabiki wa Yanga, walishaanza kunung'unika kabla ya hapo, na manung'uniko yao yalikuwa juu ya namna timu inavyocheza. Kwa hiyo swali ambalo uongozi na benchi la ufundi wanapaswa kulijibu kwa uwazi ni hili: Yanga inataka kucheza mpira gani?

Wanaotaka kasi wana hoja nzito. Msimu wa 2023/24 Gamondi alianza ligi kwa kuzichapa KMC na JKT Tanzania 5-0 kila mmoja, akaja kumfunga Simba 5-1 Novemba 5, 2023. Timu ile ilikuwa ikipoteza mpira inaurudisha palepale kwenye nusu ya mpinzani, na watu watatu wanafika kwenye boksi kabla beki hajageuka. Februari 2024 ilimchapa CR Belouizdad 4-0 kwenye Uwanja wa Mkapa, baada ya kufungwa 3-0 kule Algiers. Ramović akaichukua hamu hiyo na kuikaza zaidi, na jukwaani ikapata jina: gusa, achia, twende kwao. Mguso mmoja, pasi mbele, mbio. Kwenye ligi timu ndogo zilipigwa nne, zikapigwa tano.

Kikosi nacho kinawaunga mkono. Prince Dube anapenda mpira unaotangulia nyuma ya mabeki kuliko mpira wa miguuni. Maxi Nzengeli hachoki kukaba. Pacome Zouzoua akipokea mpira akiwa ameshageuka, ni hatari mara mbili ya anapopokea akiwa ameligeuzia goli mgongo. Watu wa namna hii ukiwaambia wapige pasi kumi na tano za pembeni kabla ya kwenda mbele, unawanyang'anya silaha yao.

Sasa upande wa pili. Ramović huyohuyo alianza makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa kufungwa 2-0 na Al Hilal ya Omdurman nyumbani, kisha 2-0 na MC Alger ugenini. Alijitutumua, akatoka 1-1 na TP Mazembe ugenini, akampiga 3-1 nyumbani, akaenda kuwafunga Al Hilal 1-0 Nouakchott. Ikabaki mechi moja, Januari 18, 2025, nyumbani dhidi ya MC Alger, ambapo ushindi wowote ungeivusha Yanga robo fainali. Waarabu wakashusha ukuta, wakapunguza kasi ya mchezo kwa kila rusha na kila kona, ikaisha 0-0. Yanga ikatoka ikiwa na pointi 8 dhidi ya 9 za MC Alger.

Mechi ile ina somo kubwa kuliko ushindi wote wa mabao manne. "Gusa achia" inahitaji uwanja wa kukimbilia. Mpinzani akisimamisha mabeki watano mita 18 kutoka golini kwake na viungo wanne mbele yao, nyuma yao hakuna nafasi. Kuna kipa tu. Wala hakuna wa kumkaba, kwa sababu mpinzani hataki mpira. Anapiga mrefu, anasubiri. Na hivyo ndivyo sehemu kubwa ya timu za ligi yetu zinavyocheza na Yanga. Mechi ya kwanza ya Hamdi baada ya Ramović kuondoka ilikuwa 0-0 na JKT Tanzania. Folz naye alikwama 0-0 na Mbeya City pale Sokoine. Makocha wawili tofauti, ukuta uleule.

Hapa ndipo wanaotetea kumiliki mpira wanaposikilizwa, mradi tusiwachanganye na wale wanaotamani "pira biriani", mpira wa pasi nyingi za kupendeza, la watani wa Msimbazi, Simba, la miaka ile. Kumiliki kunakofaa kuna kazi maalumu: kuusogeza ukuta. Mpira ukikaa kulia sekunde nane au kumi, viungo wanne wa mpinzani huteleza upande huo, na beki wa pembeni wa kushoto anabaki na mita 15 za wazi. Ukimfikia kwa pasi mbili, winga aliyekuwa mbele yake anaingia ndani, yeye anakimbia nje, na mpira unarudishwa chini kwenye eneo la penalti badala ya krosi ya juu. Krosi ya juu dhidi ya mabeki watatu wa kati warefu ni zawadi kwao. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuhamisha mpira kwa pasi tano za polepole kupitia kila beki. Ukuta unateleza pamoja nao, unafika kabla yao.

Viwanja navyo vina sauti. Kwa Mkapa na Chamazi mpira unatembea. Ukienda kwenye nyasi ndefu na kavu, pasi ya mita 20 ya chini inafika imekufa, na mguso mmoja unageuka miguso mitatu. Mbeya kuna mwinuko wa kama mita 1,700. Timu iliyotoka joto la Dar na kukaba juu, yaani kwenye nusu ya mpinzani, tangu dakika ya kwanza, dakika ya 60 mapafu yanadai. Wenyeji wanalijua hilo na wanalisubiri.

Turudi kwenye kukaba juu kwenyewe, maana watu wengi wanakuchukulia kama suala la bidii. Ni suala la vipimo. Kipa wa mpinzani akiwa na mpira, Dube anakimbia kwa kupinda ili akate pasi kati ya mabeki wawili wa kati na kuwalazimisha wacheze upande mmoja. Maxi hamvamii beki wa pembeni mapema. Anasubiri pasi iwe njiani, ndipo anatoka. Pacome anabaki na namba sita wao, kiungo mkabaji. Beki wetu wa pembeni anapanda kumfuata winga, na Ibrahim Hamad "Bacca" anabaki mtu kwa mtu na mshambuliaji, mita 40 mbele ya kipa Djigui Diarra. Kutoka Dube hadi Bacca umbali usizidi mita 30. Ukifika 45, kuna uwanja katikati, na mpinzani mwenye kiungo mtulivu atacheza humo.

Kinachoharibu ni kuchelewa kwa mmoja. Beki wa pembeni akichelewa sekunde mbili, winga anageuka, pasi inaingia ndani, na Mudathir Yahya anajikuta peke yake na watu wawili. Zamani moto huo aliuzima Khalid Aucho, na ameshaondoka. Pengo la Aucho ndilo ninalolitazama kwa wasiwasi mkubwa kuliko hata la Aziz Ki aliyefunga mabao 21 ya ligi 2023/24. Mabao unaweza kuyagawa kwa watu wanne. Mtu anayesoma shambulizi la kushtukiza kabla halijaanza, akasimama mahali pake bila kukimbia, humgawi.

Kwa hiyo msimamo wangu uko wazi. Msingi wa Yanga uwe kukaba juu, lakini kwa vipindi: dakika 15 za mwanzo na 10 za mwanzo wa kipindi cha pili, na kila mara zinapotokea ishara tatu ambazo kila mchezaji anazijua: pasi ya kurudi kwa kipa, pasi kwa beki aliyeligeuzia goli letu mgongo, na mguso mbaya. Muda uliobaki timu ipumzike ikiwa na mpira, siyo bila mpira. Hapo kumiliki kunakuwa sehemu ya mapafu ya timu. Na kila inaposhambulia, watu watano wabaki nyuma ya mpira: mabeki watatu na viungo wawili, beki mmoja tu wa pembeni akipanda. Ramović alikuwa tayari kuwapandisha wote wawili. Kwenye ligi hukuadhibiwa, Afrika uliadhibiwa.

Ugenini Afrika ni habari nyingine, na hapo naona Yanga isione haya kurudi kwa Nasreddine Nabi. Kombe la Shirikisho 2022/23 timu yake ilishinda 1-0 Lubumbashi kwa Mazembe, 2-0 kwa Rivers United Nigeria, 2-1 kwa Marumo Gallants Afrika Kusini, na ikamfunga USM Alger 1-0 kwao kwenye fainali. Ushindi wa ugenini mara nne katika mechi nne mfululizo za nje! Ilianza kukaba karibu na mstari wa kati, ikawaacha mabeki wa mpinzani wapasiane, kisha ikamtafuta Fiston Mayele. Kombe lilipotea nyumbani, kwa kipigo cha 2-1 kwa Mkapa, siku ambayo Yanga ndiyo iliyotakiwa kuutawala mchezo. Hata Gamondi, mtu wa mashambulizi, alipokutana na Mamelodi Sundowns Machi na Aprili 2024 alishuka. Akatoa 0-0 mara mbili, akatolewa kwa penalti, na shuti la Aziz Ki lililogonga mwamba Pretoria bado linabishaniwa kama lilivuka mstari.

Pedro analijua soka hilo. Angola yake iliyofika robo fainali ya AFCON 2023 ilimfunga Namibia 3-0 huku kipa wake akiwa ametolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza. Ni kocha anayejua kuishi na mpira mchache. Shaka yangu ipo kwingine: timu ya taifa haikutani na ukuta wa mabeki watano kila Jumatano na Jumapili.

Na muda haukuwepo. Kukaba juu hujengwa kwenye wiki tano au sita za maandalizi, na yeye alikuja msimu ukiwa umeshaanza. Kati ya mechi ya Jumapili na ya Jumatano kuna siku mbili: ya kwanza ni kurejesha miili, ya pili ni kupangana kwa mwendo wa kutembea na kupiga mipira iliyokufa, yaani kona na faulo. Desemba 2025 kulikuwa na AFCON Morocco, na sehemu ya uti wa mgongo wa timu ilikuwa kwenye timu za taifa. Hizo siku za mipira iliyokufa zisidharauliwe. Dhidi ya ukuta, kona moja inayomkuta Bacca akitokea nyuma inaweza kuwa na thamani kuliko pasi mia mbili.

Anayetaka kujua Pedro amechagua njia gani asihangaike na namba za mfumo zinazoandikwa kabla ya mechi. Amtazame Dube wakati kipa wa mpinzani ana mpira ugenini. Akiwa kwenye mstari wa boksi lao, tumerudi Januari 2025. Akiwa kwenye duara la kati, na Mudathir yuko mita 12 nyuma yake na mwenzake ubavuni, kuna mpango.