Omba Kitu Ambacho Msikilizaji Anaweza Kukitoa

Wengi wetu tukisimama kuomba michango huanza na tarakimu: malaki wenye njaa, mamilioni wasio na maji safi. Nami nimewahi kuhutubia hivyo, nikiamini ukubwa wa janga ndio utakaowagusa watu. Walisikiliza kwa huruma, wakapiga makofi, wakaenda zao.

Mwaka 2007 watafiti Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha jaribio ambalo kila mhamasishaji angepaswa kulijua. Kundi moja lilipewa takwimu za njaa barani Afrika, jingine likapewa habari za Rokia, msichana wa miaka 7 kutoka Mali. Rokia alichangiwa takribani maradufu. Kundi la tatu lilipopewa habari zake pamoja na takwimu, mchango ukashuka tena. Tarakimu zilimfunika mtoto.

Basi simulia habari za mtu mmoja, kwa ridhaa yake, na heshima yake uilinde. Hotuba inayomdhalilisha mhitaji ili wasikilizaji walie hunikera sana. Mseme kana kwamba ameketi safu ya mbele anakusikia.

Kuomba kwenyewe ndiko tunakovuruga zaidi. Tunasema kutoa ni moyo, si utajiri, kisha papo hapo tunawasoma kwa majina waliotoa vinono. Mwenye kidogo anajikunyata kitini, mkono umeganda mfukoni. Robert Cialdini na David Schroeder walionyesha mwaka 1976 kwamba waombaji wa nyumba kwa nyumba walioongeza maneno kuwa hata senti moja itasaidia walichangiwa na nusu ya walioombwa. Bila maneno hayo, waliotoa walikuwa asilimia 29 hivi ya walioombwa. Tena waliotoa hawakupunguza kiasi. Walichohitaji ni kuhakikishiwa kwamba kidogo chao hakitadharauliwa.

Kwa wanaojitolea muda, mambo ni yale yale. "Karibuni mjitolee" haimwambii mtu aende wapi wala afanye nini. Sema: tunahitaji watu wanne Jumamosi hii, saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, wa kuwasomea wazee wasioona vizuri, hakuna ujuzi maalumu unaotakiwa. Ukishasema hivyo usirefushe. Shuka jukwaani na daftari lako, uwafuate watu pale walipoketi kabla hawajaanza kuinuka.