Mkono wa kulia ndio unaopiga gitaa

Mtu akipiga gitaa chumba cha pili, humwoni, bado utajua upesi kama anapiga benga, rumba ya Kongo, pambio la kanisani au muziki wa Kihispania. Si kodi, yaani zile noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zinazokuambia. Kodi zinaweza kuwa zilezile tatu, C, F na G, zilizobeba nyimbo nyingi mno tunazozipenda. Kinachokuambia ni mkono wa kulia: pigo limeangukia wapi, lina uzito gani, uzi umeachwa ulie au umezimwa mara tu baada ya kuguswa.

Pamoja na hayo, wanafunzi wetu wengi wanautumikia mkono wa kushoto peke yake. Kijana anaingia kwenye kundi la vyombo kanisani, anaonyeshwa kodi nne, anahangaika na F mpaka vidole vinaota sugu, na mkono wa kulia anaambiwa tu "charaza", yaani apitishe mkono kwenye nyuzi zote kwa pamoja. Mwaka mmoja baadaye anazijua kodi thelathini na ana mcharazo mmoja. Ukimpa wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, gwiji wa muziki wa dansi, anaucharaza kama pambio, ukimpa benga anaicharaza vilevile. Noti ni sahihi, muziki haupo.

Msimamo wangu ni huu, na nimewahi kubishana na walimu wazuri kuhusu jambo hili: anayeanza afundishwe kwanza gumba na kidole cha shahada, bila piki (kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi), kwa kodi mbili tu, mpaka vidole hivyo viwili viweze kwenda njia mbili tofauti kwa wakati mmoja. Mitindo mingine ifuate baada ya hapo. Sisemi hivi kwa sababu ya mapenzi ya mambo ya kale. Nasema hivi kwa sababu nimeona jinsi mtu aliyepita njia hiyo anavyohama kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine bila kuanza upya.

Tuna shule yetu ya vidole viwili, na ni shule kubwa. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alimkuta Jadotville, mji wa Kongo ambao leo ni Likasi, kijana aitwaye Jean Bosco Mwenda, na akarekodi "Masanga". Mtu akiisikia rekodi hiyo kwa mara ya kwanza huuliza wapigaji walikuwa wangapi. Alikuwa mmoja, na gitaa lilikuwa moja lisilo la umeme. Gumba linashika nyuzi nene na kulinda mwendo. Kidole cha shahada kinavuta nyuzi nyembamba na kuimba juu yake. Sikiliza kwa makini utagundua kwamba noti nyingi tamu za kidole cha shahada haziangukii pamoja na gumba. Zinaangukia kwenye nafasi ambayo gumba limeiacha wazi.

Magharibi mwa Kenya, George Mukabi na wenzake wa omutibo, mtindo wa gitaa wa huko, walijenga nyumba nyingine juu ya msingi huohuo, gitaa likisindikizwa na mlio wa chupa ya Fanta. Na mbali kabisa, Kentucky huko Marekani, Merle Travis, aliyezaliwa mwaka 1917, alipata jina kwa gumba na shahada. Watu hawa hawakukaa darasa moja. Mikono yao ilifika mahali pamoja kwa sababu gitaa moja likitakiwa kubeba besi na wimbo pamoja, gumba lazima liwe mtu wa kujitegemea.

Kisha yakaja magitaa ya umeme, na hapa kuna jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Bendi za dansi ziliugawa mkono mmoja kwa watu kadhaa. Kazi ya gumba ikaenda kwa mpiga besi. Kazi ya shahada ikaenda kwa mpiga solo. Nafasi iliyobaki kati yao akapewa mpiga ridhimu, na Wakongo wakaongeza gitaa la mi-solo linalosukana na yote mawili. Ndiyo maana mpiga ridhimu aliyewahi kujifunza vidole viwili hapotei. Anaisikia besi inakoangukia kabla haijaanguka, kwa sababu gumba lake mwenyewe limewahi kuifanya kazi ile. Aliyejifunza kucharaza tu huipiga kodi juu ya besi, pigo kwa pigo, na wimbo unakuwa mzito, hauendi.

Benga inadai kitu kingine. Mizizi yake iko kwenye nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi 8, ambayo kila uzi hudonolewa na kuacha tone fupi, safi. Msikilize D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati mkoani Mara, na bendi yake ya Shirati Jazz: solo haiburuzwi hata kidogo. Hapa piki ina haki yake, tena karibu na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wake, ambako sauti ni kali na kavu. Mwendo wa mkono uwe mdogo sana, utoke kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, wala si kwenye bega. Anayerusha mkono mzima kwa kila noti atachoka kabla chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, haijaanza.

Uzito huu wa mkono wa kulia Wahispania na Waitalia waliujua zamani. Mauro Giuliani, Mwitaliano aliyefanya kazi Vienna, alichapisha mwaka 1812 mazoezi 120 ya mkono wa kulia. Yote 120 yanazunguka kwenye kodi mbili, C na G7. Aliupumzisha mkono wa kushoto kwa makusudi ili akili yote ihamie kulia. Mwalimu mkubwa kiasi hicho hakuona aibu kumpa mwanafunzi kodi mbili tu, nasi leo tunaona aibu. Mtindo wa flamenko nao unakupa rasgueado, vidole vinavyorushwa nje kimoja baada ya kingine kama mtu anayefungua ngumi. Wapigaji wengi wamezoea kukunja vidole, kuvuta ndani. Kufungua kwa nguvu na kwa usawa ni kazi ya misuli mingine kabisa, na mazoezi yake yanafaa hata kwa asiyetaka kupiga flamenko maishani.

Sasa zoezi lenyewe, kwa anayetaka kuanza leo jioni. Shika kodi ya C. Egemeza mkono wa mbele juu ya mbao ya gitaa, kifundo cha mkono kisipinde sana. Gumba lipige uzi wa tano (nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba kabisa), kisha wa nne, wa tano, wa nne, polepole, na kila pigo liwe na uzito sawa. Usiongeze chochote mpaka uweze kuzungumza na mtu huku gumba linaendelea bila kusita. Hiki ndicho kipimo changu, na ni kigumu kuliko kinavyosikika. Wengi wakijibu salamu tu, gumba linasimama.

Likishatulia, leta kidole cha shahada kwenye uzi wa pili, katikati ya pigo moja la gumba na lingine. Hapo utaona kitu cha ajabu: gumba litataka kumsubiri mgeni. Litachelewa kidogo sana, kiasi ambacho wewe mwenyewe hutakisikia. Jirekodi kwa simu, usikilize kesho yake. Ukisikia kuchechemea, punguza mwendo. Kisha kihamishe kidole cha shahada uzi wa kwanza, uzi wa tatu, kiruke pigo moja, kipige mara mbili. Baada ya hapo badilisha kodi kwenda G7 na hakikisha gumba halijui kwamba mkono wa kushoto umehama. (Kwenye G7 litaanzia uzi wa sita, na hilo nalo ni zoezi.)

Ukitoka hapo jifunze kuzima. Laza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi pale zinapokutana na daraja, kwa wepesi, mpaka besi itoe sauti fupi ya "tum" badala ya mlio mrefu. Sogeza kiganja milimita chache mbele na sauti inakufa. Irudishe nyuma, inafunguka. Ridhimu nyingi za dansi zinaishi kwenye milimita hizo chache.

Mcharazo nao una siri moja ambayo ningemwambia kila mpiga gitaa wa kwaya: mkono usisimame. Ushuke na kupanda mfululizo hata pale usipogusa nyuzi. Unachochagua ni mapigo gani yaguse na yapi yapite hewani. Anayesimamisha mkono kila penye kimya atachelewa kuurudisha.

Wapo wanaoniambia kwamba wao ni wapiga solo wa umeme na piki inawatosha. Sawa. Lakini Wes Montgomery, aliyezaliwa mwaka 1923 Indianapolis, alipiga jazi kwa gumba lake tupu na wapiga jazi duniani kote bado wanamsoma. Simdai kila mtu aache piki. Ninachodai ni kwamba kuitumia kuwe uamuzi, mtu awe anajua sauti nyingine anayoiacha.

Kucha ni suala la mtindo. Gitaa la nailoni linapenda kucha fupi iliyosuguliwa vizuri, waya wa chuma huila kucha, na wapigaji wengi hutumia nyama ya kidole tu bila kupoteza kitu. Maumivu ya kifundo cha mkono, hata hivyo, si ya kuzoea. Yakija, weka gitaa chini.

Kwa wanaotumia mkono wa kushoto kupiga, haya yote yanahusu ule mkono unaogusa nyuzi. Elizabeth Cotten wa Marekani aliligeuza gitaa bila kubadilisha nyuzi, besi akipiga kwa vidole na wimbo kwa gumba, na muziki wake ni mzuri ajabu.

Nina ombi moja kwa wanaorekodi video za mafunzo kwa Kiswahili, kwa sababu wamekuwa wengi na wanafanya kazi nzuri. Karibu kila mara kamera inatazama shingo ya gitaa, na mkono wa kulia unakatwa nje ya picha. Ishusheni mpaka kwenye tundu. Na kama karibu nawe yupo mzee anayepiga kwa vidole viwili, iwe Lubumbashi, Kakamega au Morogoro, muombe ruhusa umrekodi mkono huo kwa karibu, polepole, wimbo mzima, kisha umwombe aurudie bila kuimba.