Chumba Kisichouza Picha

Siku studio za wasanii zinapofunguliwa kwa wageni, kuna swali ambalo halikosi mtu wa kuliuliza. Mgeni anazunguka, anatazama ukuta uliobandikwa vipande vya magunia na michoro iliyoachwa katikati, halafu anamgeukia msanii: "Hii bei gani?" Haiuzwi, anajibiwa, bado inafanyiwa kazi. "Sasa miezi yote hii mmekaa humu mnafanya nini?"

Anayeuliza hana nia mbaya. Dar es Salaam imemzoesha kuona picha zikitundikwa barabarani ili mpita njia asimame na kupatana bei. Ubishi wote kuhusu ukaazi wa wasanii, yaani ule utaratibu wa kituo kumpa msanii studio kwa miezi kadhaa, pengine na malazi na posho, unaanzia hapo. Kuna chumba kinachouza picha na kuna chumba kisichouza. Fedha, kiwanja na umeme vikiwa haba, kipi kipewe?

Wanaoupinga ukaazi wana hoja nzito na mfano ulio hai. Mnamo 1968 Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, na kuviuza nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay. Hakujaza fomu ya mtu. Alichora miaka kama minne tu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomfananisha. Jamaa na vijana aliokuwa akiwafundisha wakaendelea, na tangu 1990 wana chama chao cha ushirika pale pale. Mwanafunzi anaanza kwa kupaka rangi ya nyuma, anapanda hadi majani, siku moja anaachiwa jicho la chui. Picha inauzwa, watu wanakula, ada za watoto zinalipwa. Hakuna ripoti ya robo mwaka kwa mfadhili.

Weka hayo kando ya kituo kama Nafasi Art Space, kilichoko Mikocheni tangu 2008, na studio zake za makontena, kilichoanza kwa msaada wa wahisani wa Ulaya, Denmark ikiwamo. Mpinzani anakunja uso. Wageni, anasema, wanashuka kwenye ndege, wanakaa miezi miwili, wanaondoka na kitu kinachoitwa "mradi". Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila huyu mwenyeji kazi yake imekuwa kumsindikiza mgeni Kariakoo kuchagua vitenge. Maombi yanaandikwa kwa Kiingereza. Wanaochaguliwa sura ni zile zile. Na ukiuliza picha ziko wapi, unaambiwa zinafikiriwa.

Sizitupi hoja hizi, na mbili kati yake nitazirudia. Lakini zinauchukulia ukaazi kama kitu kigeni kilicholetwa na mabegi ya wahisani, wakati mji huu ulishawahi kuuona, bila jina hilo, ukizaa mmoja wa wasanii wake wakubwa kabisa.

Mwaka huo huo wa 1972, sista Mmarekani wa shirika la Maryknoll, Jean Pruitt, alianzisha Nyumba ya Sanaa, karakana ya wasanii jijini. Miongoni mwa waliopata kibarua pale alikuwamo mchongaji wa Kimakonde kutoka Masasi, George Lilanga, aliyekuwa na miaka michache tu jijini. Hakuajiriwa kama msanii. Aliajiriwa kuwa mlinzi wa usiku. Augustino Malaba, jamaa yake aliyekuwa tayari akifanya kazi pale, alimfungulia njia. Lilanga akaonesha alichokuwa akichonga, wakamwingiza ndani.

Hapo ndani ndipo pa kutazama kwa makini. Kuchonga alishajua tangu kwao. Angebaki barabarani angechonga kile ambacho watalii walishakizoea, na pengine angekichonga vizuri kuliko wengi. Nyumba ya Sanaa ilimpa vitu ambavyo barabara haina: ngozi za mbuzi za kuchorea, nta na rangi za batiki, mabati, wino, na meza ya mtu mwingine anayefanya jambo tofauti. Mashetani aliyokuwa akiyachonga, yaliyokuwa yakifuata umbo la kigogo cha mpingo, yakapata pa kuruka. Yakaota masikio mapana na midomo mizito, yakapata rangi, yakaanza kusukumana na kucheza kwenye ngozi na kwenye karatasi. Mwaka 1978 kazi zake zilikuwa zinaoneshwa Washington. Mpaka anafariki mwaka 2005, hakuna aliyeweza kumchanganya na mchongaji mwingine.

Kwa nini hayo hayakutokea Morogoro Stores, ambako vipaji havikosekani? Wengi husema wachoraji wa pale wanaigana, na husema kwa dharau. Dharau hiyo haina msingi. Kuiga ndiyo shule yao, na shule nyingi duniani zimeanza hivyo. Sababu iko kwenye hesabu. Mchoraji akivumbua jambo jipya Jumatatu, likauzika, Ijumaa liko kwenye meza ya jirani. Lisipouzika, hadibodi na rangi vimetoka mfukoni mwake, na siku tatu zimeyeyuka. Hasara ya kujaribu anaibeba mwenyewe, faida wanagawana kijiwe kizima. Mwenye akili zake atafanya nini? Atachora twiga. Mimi pia ningechora twiga.

Ukaazi unachofanya ni kubeba hiyo hasara. Unamlipia mtu makosa yake kwa muda maalumu. Ukiutazama hivyo, swali la mgeni kuhusu bei linakuwa sawa na kumkuta mkulima anapalilia mwezi wa tatu ukamdai gunia.

Nikifika hapa watetezi wenzangu hukimbilia Harlem, nami nimekimbilia huko mara nyingi. Studio Museum, jumba la sanaa la mtaa huo wa New York, ilianzishwa mwaka 1968, wakati Tingatinga ananunua makopo yake ya kwanza ya rangi. Mchoraji William T. Williams alishawishi kwamba jumba lile liwe na studio za wasanii humo humo ndani, ndiyo maana neno studio limo kwenye jina. Kwa kawaida huchukua wasanii watatu kwa mwaka.

Watatu. Tarakimu hiyo nimeizungusha sana kichwani. Kwanza inaudhi, maana watatu katika jiji la mamilioni ni kama kugawa andazi moja kwenye harusi. Halafu unaizidisha kwa nusu karne, unapata zaidi ya wasanii 100, ndani yao akiwamo David Hammons, Kerry James Marshall, Njideka Akunyili Crosby, na wa kwetu Wangechi Mutu wa Nairobi, aliyekaa pale 2003 hadi 2004. Mwaka 2019 Mutu aliweka wanawake wanne wa shaba kwenye vishubaka vya mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, vishubaka vilivyokaa vitupu tangu 1902. Mtetezi anapiga kifua.

Kisha naingiwa na shaka. Mutu alikuwa ameshahitimu Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2000. Je, chumba kilimtengeneza, au kilikuwa na jicho zuri tu la kumchagua? Na tunaowataja ni wale wanne au watano, tukiwaacha makumi waliopita mlango ule ule na ambao mimi na wewe hatuwajui. Hesabu ya namna hii ingefanywa na muuza bahati nasibu tungemcheka.

Nimeishia kuamini kwamba tarakimu hiyo haithibitishi ninachotaka ithibitishe. Inaonesha jambo jingine. Watatu ni idadi ya mlango mmoja, na New York ina milango mingi. Dar es Salaam, yenye watu karibu milioni 5.4 kwa sensa ya 2022, milango ya aina hiyo unaihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vinabaki. Anayesema ukaazi unawanufaisha wachache anasema kweli, lakini malalamiko yake yanadai milango iongezwe. Sijaelewa bado yanavyogeuka kuwa sababu ya kuufunga uliopo.

Serikali nayo haijakaa kimya kuhusu wasanii. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa umekuwa ukitoa mikopo, na kwa mwenye filamu inayosubiri kuhaririwa au albamu inayosubiri kutoka, mkopo ni msaada wa kweli. Kwa mtu ambaye bado hajui anachokitafuta, ni kitanzi. Utarejesha nini, na lini?

Kuhusu kiwanja, ambacho ndicho huvimaliza vituo hivi kabla ya ubishi kuisha: jengo la Nyumba ya Sanaa katikati ya jiji, lililofunguliwa mwaka 1983 na Mwalimu Nyerere, limeshatoweka. Kuona Trust ya Nairobi, iliyoanza 1995 ndani ya eneo la makumbusho, ilihamahama hadi Hurlingham. Kampala wamejaribu njia nyingine. 32° East, iliyoanza 2011 na studio za makontena, sasa ina jengo lake Kabalagala, na matofali yake yamefyatuliwa kwa udongo uliochimbwa kiwanjani hapo hapo. Hapo hakuna mwenye nyumba wa kuja kupandisha kodi. Ningekuwa na sauti kwa wahisani ningewaambia wapunguze tamasha moja, wanunue ardhi.

Nirudi kwenye zile hoja mbili. Ya fomu za Kiingereza ni ya kweli na inauma. Lilanga alionesha vinyago vyake. Leo angedaiwa maelezo ya msanii ya maneno mia tano, kwa lugha anayoandika mtu aliyesoma chuo, na yangesomwa kabla hata mtu hajaangalia kinyago. Kituo kilichoko mji wa Kiswahili kinashindwa nini kupokea picha tano na ujumbe wa sauti wa WhatsApp?

Ya pili, ile ya sura zile zile, mzizi wake ni posho, na hapa watetezi tunajidanganya zaidi. Studio ya bure bila posho ni ya mtoto ambaye kwao sufuria iko motoni. Mwenye watoto watatu na kodi ya Mbagala hawezi kukaa miezi miwili akitafakari, hata umpe jumba. Tusisahau kwamba Lilanga alipokuwa akijaribu hayo yote alishaingia pale na mshahara wa ulinzi.

Kutoka Morogoro Stores hadi Mikocheni ni safari fupi ya bajaji. Ningependa kila awamu ya ukaazi itenge nafasi moja kwa fundi wa pale, alipwe sawasawa na ambacho angeuza katika miezi hiyo miwili, na sharti liwe moja tu: asichore twiga wala tembo. Mwezi wa tatu akitaka kurudi kwa twiga wake, arudi, na akifika azungumze na wenzake alichokuwa anafanya huko.