Pua ya Pili ya Kalunguyeye

Asubuhi ya leo simu imelia kabla sijanawa uso, na aliyepiga, baada ya salamu fupi isiyolingana na heshima yake, aliuliza neno moja tu: "Kimetoka?" Nilimjibu kwa adabu zote nilizofunzwa kuwa hakijatoka kwa sababu hakikuingia, na Shangazi akakata simu. Ninaandika haya nikiwa na uchungu wa mtu anayeulizwa swali hilohilo kila kunapokucha, naye hana cha kujitetea isipokuwa ukweli, ambao katika ukoo wetu haujawahi kumwokoa mtu mbele ya Shangazi.

Kinachosubiriwa kutoka ni pua. Si pua ya binadamu, bali ya Sonic, yule kalunguyeye wa buluu wa kampuni ya Sega ambaye tangu mwaka 1991 anakimbia katika michezo ya video akiwa na viatu vyekundu na glavu nyeupe, pasipo suruali, na hakuna aliyewahi kumkemea. Mpwa wangu aliletewa zawadi ya seti ndogo ya matofali ya plastiki ya kumuunda mnyama huyo, vipande mia na kitu, na kila aliyewahi kuwa mjomba anaufahamu mgawanyo wa kazi katika zawadi za namna hii: mtoto hufungua, mtu mzima huunda, na shukrani humwendea aliyenunua.

Dharau ilianzia kwenye boksi. Mbele yake imechapwa tarakimu ya umri, 10, ikifuatwa na alama ndogo ya kujumlisha, na alama hiyo ndiyo mimi. Mtu mzima mwenye ndevu, anayeombwa ushauri katika mambo ya ndoa za watu, ameingizwa humo pamoja na wenzake wote waliozaliwa kabla yake. Kijitabu cha maelekezo nacho hakina neno hata moja, ni picha na mishale mitupu, ili Mjapani, Mfaransa na mimi tuchanganyikiwe kwa usawa. Buluu iliyokoza na nyeusi, chini ya taa ya sebuleni, ni rangi moja yenye majina mawili. Vipande viwili bapa vikishikana, ukucha hung'oka kabla havijaachana. Habari za kukanyaga tofali gizani siziandiki, wote tumekanyaga.

Wataalamu wa hesabu wamekokotoa kwamba matofali sita tu ya Lego yenye vinundu vinane, yote ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Mpwa wangu anakubali namna moja. "Mjomba, hiyo siyo," ndiyo sentensi aliyoirudia jioni nzima, akiwa amesimama ubavuni pangu akipigapiga sakafu kwa mguu, na baadaye nikatambua alikoitoa tabia hiyo. Katika mchezo ule wa kwanza, ukimwacha Sonic amesimama bila kumwendesha, humgeukia mchezaji na kuanza kupigapiga mguu kwa kukosa subira. Katika mchezo wa Sonic CD wa mwaka 1993 mambo ni mabaya zaidi, kwani ukimsahau kwa dakika tatu huruka nje ya skrini akaenda zake, na mchezo ukaishia hapo. Kiumbe mwenye hasira za namna hiyo, aliyebuniwa kwa ajili ya mbio, mimi nilikuwa nimemlaza mezani bila miguu tangu jua halijazama. Ningekuwa yeye ningeruka mapema.

Hata hivyo alikamilika. Alisimama juu ya meza, kichwa cha mraba kikubwa kuliko kiwiliwili, miiba ikielekea nyuma, pua nyeusi ya duara isiyozidi milimita 8 ikiwa mahali pake, na mimi nikaegemea kiti nikisubiri pongezi. Badala ya pongezi, mpwa alitazama vipande vilivyobaki mezani, akahesabu kwa kidole, kisha akatamka maneno ambayo yamenivurugia maisha: "Mjomba, pua zilikuwa mbili."

Hapa sina budi kueleza jambo. Katika seti nyingi za matofali, vipande vidogo kabisa huwekewa vya akiba, kwa kuwa vifuko hukaguliwa kwa uzito na kipande chepesi kikikosekana mizani inaweza isigutuke. Lakini orodha iliyo nyuma ya kijitabu hutaja vipande vya kazi tu, ile akiba haiandikwi. Kwa hiyo pua ya pili ilikuwa ni kitu ambacho huenda kilikuwepo, huenda hakikuwepo, na mahakama yoyote yenye busara ingelifuta shauri hilo papo hapo.

Kwa bahati mbaya mahakama ilikuwa jikoni na mlango ulikuwa wazi. Shangazi alitoka akiwa na mwiko mkononi, akamtazama mdogo wake mpwa, mwenye umri wa miaka miwili, aliyekuwa ameketi chini ya meza akitafuna kitu kwa utulivu mkubwa. Kitu hicho kilikuwa kipande cha boksi, nacho kilitolewa mdomoni na kuonyeshwa hadharani, lakini hukumu ilikuwa imekwisha kupita.

"Mtoto kameza pua."

"Shangazi, pua hii hapa. Itazame usoni kwake."

"Ya pili?"

"Ya pili huenda haikuwepo."

"Mwenye macho yake kasema ameiona."

"Shangazi, shahidi ana miaka saba."

"Na wewe mwenye arobaini, uliiona?"

Nilinyamaza, na kimya changu kikaandikwa kuwa ni ushahidi. Dada yangu, mama wa watoto, alikuwa mtulivu kuliko sote. Alimpigia muuguzi anayemfahamu, akaambiwa kuwa kama mtoto anapumua vizuri, anakula na kucheza, amwangalie tu, na mtoto mwenyewe wakati huo alikuwa anacheka na kudai arudishiwe boksi lake. Shangazi alisema muuguzi wa kwenye simu hana macho. Kisha akaniuliza kuhusu ile mizani niliyoitaja, na nilipomweleza kwa mara ya pili, kwa kirefu na kwa majivuno fulani, jinsi vifuko vinavyopimwa, aliagiza mizani ya jikoni iletwe ili mtoto naye apimwe. Niliuliza atalinganishwa na uzito gani. Aliniambia nisimletee ujuaji.

Hapo nikaona njia iliyobaki ni sayansi. Nilimweleza kuwa mwaka 2018 jarida moja la afya ya watoto lilichapisha utafiti wa wataalamu sita wa tiba ya watoto, kutoka Australia na Uingereza, ambao kila mmoja alimeza kichwa cha mwanasesere wa Lego, kisha akakitafuta katika choo chake, na kwamba kwa wastani vichwa vilitoka baada ya siku 1.71.

"Watu wazima?"

"Watu wazima, Shangazi."

"Wana akili zao?"

"Ni wataalamu."

"Wakameza kichwa."

"Kwa hiari yao, kwa ajili ya elimu."

Shangazi aliketi. Nilidhani nimeshinda.

"Na wote sita wakakipata?"

Mtu mwongo angejibu ndiyo na jioni ingeendelea kwa amani. "Watano," nikasema.

"Wa sita?"

"Wa sita hakukiona."

"Hakukiona kabisa?"

"Hakukiona kabisa."

Shangazi aliweka mwiko mezani polepole. "Huyo wa sita," akasema, "sasa hivi yuko wapi?" Nilijibu kuwa sijasikia msiba wowote. Jibu hilo, ninakiri kuwa halikuwa na ladha nzuri, lilipokewa kwa macho ambayo sitayasahau, na papo hapo nikateuliwa kuwa mkaguzi wa nepi, kwa hoja kwamba mimi ndiye msomi wa ukoo na kwamba wasomi wenzangu wameshaonyesha njia. Nilipewa glavu, nyeupe, mfano wa zile za mtuhumiwa.

Ningelivumilia hilo. Jambo lililonitoa katika ustaarabu ni mkoba. Shangazi alipoinuka kwenda kumchunguza mtoto mdomoni kwa mara nyingine, mkoba wake uliokuwa begani ulipiga kona ya meza, na yule kalunguyeye, kazi ya jioni nzima, akaanguka uso kwanza sakafuni na kutawanyika pande zote za sebule. Wanaomfahamu Sonic wanajua kwamba akipigwa na adui, pete zote alizokusanya hurukaruka na kumtoka, na mchezaji hupewa muda mfupi tu wa kuziokota kabla hazijatoweka. Watu wa mchezo ule wana huruma, kwa kuwa pete zikitoweka zimetoweka kweli. Vipande vya plastiki havitoweki. Vinaingia chini ya kochi na kukaa huko vikikungoja.

"Haya, tafuta na hiyo," akasema Shangazi, kana kwamba ni mimi niliyevaa mkoba.

Sikumjibu Shangazi, kwa kuwa nina malezi. Nililijibu kochi. Nililiambia mambo kwa sauti ambayo majirani wameniuliza habari zake, nikaliuliza kwa nini mtu aliyesoma, anayefanya kazi, asiyemdai mtu wala kudaiwa, apige magoti usiku na tochi ya simu mdomoni akiokota masikio ya mnyama asiyekuwepo duniani, huku ukoo mzima ukimwelekeza kwa vidole, huyu akisema kushoto na yule akisema ulipotoka, na mpwa akipigapiga mguu. Kochi halikusema neno. Dada yangu ndiye pekee aliyenisaidia kulisogeza.

Chini yake palikuwa na kifuniko cha kalamu, betri, na tofali jeupe la seti ambayo haijawahi kuingia nyumbani kwetu kwa ufahamu wangu. Lilishikana na vipande vya buluu bila tatizo, jambo ambalo si la ajabu, maana umbo la matofali ya Lego lililoombewa hataza nchini Denmark tarehe 28 Januari 1958 halijabadilika, na tofali la wakati wa babu hukubaliana na la leo kuliko babu mwenyewe na wajukuu wake. Na kando ya betri, ikiwa imetulia kama haijafanya lolote, palikuwa na pua.

Nilipiga kelele za ushindi. Nilisimama, nikaiinua juu kila mtu aione, nikamwita Shangazi kwa jina lake kamili. Aliitazama kwa makini, akaigeuza, kisha akauliza swali ambalo lingemwangusha wakili yeyote.

"Hii ni ipi?"

Kalunguyeye alikuwa amekwisha vunjika. Usoni kwake hapakuwa na pua. Pua niliyoishika inaweza kuwa ndiyo ile ya kwanza iliyochomoka alipoanguka, na katika hali hiyo ya pili, kama iliwahi kuwepo, bado iko safarini. Au inaweza kuwa ndiyo ya pili, na sasa ya kwanza ndiyo iliyopotea, wala hakuna aliyeimeza. Niliufafanua uwezekano huo kwa utaratibu, nikitumia kifuniko cha kalamu na betri kama vielelezo, na kadiri nilivyofafanua ndivyo nilivyoona kwamba nimempa Shangazi pua za kutosha kuniuliza mpaka mwakani. Yeye aliamuru iliyopatikana ioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Mpwa alipinga kwa machozi, akisema Bibi hajui kuwa Sonic hawezi kuogelea, na ni kweli hawezi. Katika michezo yake hewa ikimwishia majini hufa, tena kwa kuhesabiwa kutoka tano hadi sufuri kwa muziki wa kutia hofu. Iliamuliwa ifutwe kwa kitambaa.

Nepi ninakagua mpaka leo. Mtoto ana afya tele, anaongezeka uzito, na hilo Shangazi amelisikia kwa mashaka, akiuliza ni uzito wa nini. Kalunguyeye nimemuunda upya, safari hii akiwa na kipande kimoja cheupe mgongoni ambacho mpwa hataki kukiona na ambacho sikitoi, kwa sababu ukucha wangu bado haujaota sawasawa.

Sasa ninasikia kwamba Shangazi, kwa kuwa ni mtu wa haki, ameahidi kumnunulia mpwa rafiki yake Sonic, yule mbweha aitwaye Tails aliyeingia katika michezo hiyo mwaka 1992 akiwa na mikia miwili. Sababu aliyoitoa ni kwamba mkia mmoja ukipotea, wa pili utakuwepo na kila mtu atakuwa ameuona. Nilitaka kuuliza habari za mkia wa tatu wa akiba, dada yangu akanikanyaga mguu. Mpwa kwa upande wake anamtaka Knuckles, ambaye ni ekidna, mnyama wa Australia na Guinea Mpya anayenyonyesha watoto wake na bado akataga mayai, na jana ameniuliza kama seti yake huja na yai, na kama la akiba huandikwa kwenye kijitabu.