Mpira Ukitua Kwenye Kovu la Mwingine

Mwaka 1998, katika uwanja wa Olympic Club mjini San Francisco, Payne Stewart aliianza siku ya mwisho ya mashindano ya gofu ya US Open akiongoza kwa mikwaju minne. Kwenye shimo la 12 mpira wake ulienda katikati ya njia ya nyasi, mahali anapopataka kila mchezaji, lakini ukatua kwenye kovu lililojazwa mchanga, yaani pale ambapo fimbo ya mtu mwingine iling'oa nyasi pamoja na udongo. Alipoteza mkwaju mmoja hapo, na jioni Lee Janzen akatwaa ubingwa kwa tofauti ya mkwaju mmoja.

Wanaotaka mchezaji aruhusiwe kuusogeza mpira wa namna hiyo bila adhabu wana hoja nzito. Kovu si umbile la ardhi, ni uharibifu wa mtu aliyekwisha kupita. Isitoshe, tangu mwaka 2019 kanuni zinamruhusu mchezaji aliye kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi sana lenye shimo, kurekebisha karibu kila uharibifu, zikiwemo alama za viatu ambazo awali hazikuguswa. Kwa nini basi hatua chache nje ya grini aadhibiwe kwa kosa lisilo lake?

Hata hivyo, mimi naegemea upande wa pili, kwa sababu nyasi haziponi kwa siku moja. Kovu la leo linaonekana wazi, lakini la wiki tatu zilizopita limekwisha kufunikwa nusu na machipukizi, na sioni ni nani ataamua bila ugomvi kwamba limekoma kuwa kovu. Kila ambaye mpira wake umekaa vibaya atalitafuta kovu chini yake, na msingi wa kuucheza mpira pale ulipo utayeyuka.

Lakini msimamo huo una haki pale tu uwanja unapotunzwa. Nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na ukoka wa maeneo ya joto, hutambaa na kuziba jeraha kutoka pembeni. Kipande kilichong'oka kikirudishwa mara nyingi hukauka, hivyo dawa yake ni mchanga. Mtazame kedi mzoefu, yaani msaidizi anayembebea mchezaji fimbo: humimina kidogo, hukanyaga kwa soli, huongeza, kisha husawazisha mpaka mchanga ulingane na ardhi. Ukipungua, bonde hubaki. Ukizidi, mashine ya kukatia nyasi hupita juu yake na visu vyake huwa butu. Ni kazi ya nusu dakika, na mchezaji anayeondoka bila kuifanya ndiye anayemdhulumu mwenzake, si kanuni.

Kamati za viwanja nazo zisijifiche nyuma ya kanuni. Chini ya mteremko, ambako mipira hukusanyika na makovu hurundikana, zina mamlaka ya kuzungushia mstari mweupe na kutangaza kwamba ardhi hiyo iko kwenye matengenezo, na aliyetua humo akasogeza mpira wake bila kupoteza mkwaju wakati nyasi zikipata nafasi ya kuota.